Ipakwe Usiku

Gunia zima la mchaichai
hutoa mafuta yasiyojaza kifuniko cha soda.
Nawaambia wateja hivyo pale soko la Majengo,
hawaamini. Wanashika kichupa, wanakitikisa:
elfu nane, kwa haka?
Kwa hako. Nusu ya usiku nimekesha Mvumi na sufuria,
bomba la shaba limepita kwenye ndoo ya maji baridi,
mvuke unalia chozi, chozi, chozi,
na juu ya maji utando wa manjano
mwembamba kuliko ukope.

Dodoma inakausha, nani asiyejua?
Upepo wa Julai unang'ata midomo,
vumbi unalala nalo kitanda kimoja,
maji ya kisima yanaacha chumvi shingoni.
Bibi yangu Mbeleje alijipaka nyonyo na udongo mwekundu,
aking'aa kama chungu kipya.
Tulimcheka. Tukanunua krimu za kopo,
zikatuchubua, tukabaki
uso wa huyu, masikio ya yule.

Ndipo nikarudi kwenye majani.
Kivumbasi kwa chunusi.
Mkaratusi kwa miguu iliyosimama kutwa.
Ubani kwa makovu; sisemi unafuta,
nasema ngozi husikia ikiambiwa taratibu.

Mwanzo sikujua kipimo.
Nilijimiminia mchaichai mtupu mkononi
kwa pupa ya maskini aliyeokota,
mkono ukawaka kama nimeegemea sufuria ya ugali.
Nikajifunza: matone matatu,
kijiko kizima cha alizeti ya Singida.
Tone lile ni shamba lililobanwa.
Usimfungulie mtu shamba zima usoni.

Hilo nililijua.
La limau sikulijua.

Yuniki, mtoto wa dada yangu,
alikuja na vipele shavuni, wiki tatu kabla ya harusi.
Nikakamua maganda, nikampaka asubuhi,
vidole vitatu, kutoka puani kwenda sikioni,
naye akafumba macho kwa ile harufu, akacheka.
Kisha akarudi kwao Hombolo, kuvuna zabibu.
Jua la saa sita halina undugu.
Jioni shavu liliwasha. Kesho yake likavimba.
Juma lilipoisha palikuwa na michirizi mitatu myeusi,
kutoka puani kwenda sikioni,
ungeweza kuweka vidole vyangu juu yake
na visizidi.

Nesi wa Mvumi hakuinua sauti.
Limau na jua, alisema, hukutana ndani ya ngozi
wakagombana humo humo.
"Ungempaka usiku, Mama Damari, asingeungua."
Usiku.
Neno dogo namna hiyo.

Nilipeleka pole, kuku na kitenge.
Dada alipokea kuku.
Yuniki alibaki chumbani.

Sasa naandika kwa kalamu kwenye kila kichupa,
hata cha mchaichai, ambao haukukosea:
Ipakwe usiku. Ijaribu kwanza ndani ya kiwiko.
Wateja wanaucheka mwandiko wangu,
wengine wanauliza kama ni dawa ya mapenzi.

Wanasema michirizi imefifia,
ilikuwa kahawa, ikawa chai ya rangi,
sasa ni chai ya maziwa, na maziwa yanazidi.
Sijaona. Nimeona picha tu ya harusi
kwenye simu ya jirani: Yuniki ameficha shavu,
kageuka pembeni
kama bibi harusi anayetazama mlango
akingoja mtu aliyechelewa.

Leo nimenawa mikono kwa majivu, mara mbili,
nikashika njia ya Hombolo bila kichupa.
Mbele ya mlango wake, kabla ya hodi,
nikainusa.

Bado.